Wasimamizi Wawili, Suti Rangi Moja

Wiki jana tuliuacha mlango wazi, Spana ameshika kitasa, na kizingitini amesimama mtu aliyevaa suti ileile kama yake: rangi ya majivu, tai nyekundu iliyokolea, ua jeupe kifuani. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Ndoa ilikuwa saa tano.

"Habari za asubuhi," mtu yule alikuwa amesema. "Mimi ndiye msimamizi wa bwana harusi."

Kwa aliyepitwa na yaliyotangulia: Spana ni fundi lifti. Kazini, bwana harusi ndiye msimamizi wa Spana. Leo, kwa siku moja tu, Spana ndiye msimamizi wa bwana harusi. Katika miaka thelathini na minne ya maisha yake, hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwomba asimame karibu naye bila kumshikisha kitu kizito. Suti aliipiga pasi siku mbili mfululizo.

"Pole," Spana akamjibu mgeni. "Nafasi imejaa."

"Imejaa nani?"

"Mimi."

Mgeni akamkagua kuanzia viatu hadi ua. "Suti yako imekukaa vizuri," akasema.

"Asante. Na yako pia."

Wakabaki wanatazamana. Hakuna aliyejua hatua inayofuata.

"Nani huyo?" bwana harusi akauliza kutoka ndani. Akatokea sebuleni na soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Alipomwona mgeni, soksi ya mkononi ikaanguka.

"Bwana," akasema, "umekosea nyumba."

"Sijakosea," mgeni akajibu. "Nimezaliwa humu. Chumba kile cha nyuma."

Hapo Spana akaelewa. Pua ilikuwa moja. Masikio yalikuwa mamoja. Hata namna ya kukunja uso ilikuwa moja. Huyu alikuwa kaka mkubwa, yule ambaye kazini, kwa miaka yote, bwana harusi alikuwa akisema hana.

"Nani amekuita?" bwana harusi akauliza.

"Mchumba wako. Alinitumia na kipande cha kitambaa, ili fundi wangu wa nguo asikosee rangi."

Bwana harusi akaichukua simu. Alikosea namba mara mbili, kwa hiyo Spana akambonyezea namba na kuweka sauti kubwa. Hiyo nayo ni kazi ya msimamizi.

"Ni wewe?" bwana harusi akauliza.

"Ni mimi," bibi harusi akajibu. Alikuwa mfamasia, mtu aliyezoea kuwaambia watu dawa ni chungu kabla hawajainywa. "Nilitaka kukuambia Jumatatu. Ukawa na furaha. Nikasema Jumanne. Ukawa na furaha tena."

"Kwa nini umefanya hivi?"

"Kwa sababu kila kitu kikikushinda kutengeneza, unasema, 'Kaka angeweza.' Miaka mitatu nasikia 'Kaka angeweza.' Nikaona bora nimwone huyo kaka."

"Na cheo cha msimamizi ulimpa wewe?"

"Sikujua umeshampa mtu. Hukuniambia."

"Nilitaka kukuambia Jumatatu," bwana harusi akasema, akakata simu.

Akamshika Spana mkono, akamvuta chumbani, akafunga mlango. Akakaa kitandani juu ya shati lake lililonyooshwa.

"Miaka kumi na mmoja iliyopita baba alilala kitanda hiki," akasema. "Tukajua haamki. Shangazi akampigia huyu simu aje amwone. Unajua alimjibu nini? 'Nina kazi. Zikeni tu.'"

Spana akaanza kulivuta lile shati kutoka chini yake.

"Baba alikuwa bado hai, Spana. Anapumua. 'Zikeni tu.' Wiki tatu baada ya mazishi akajileta getini na mkoba. Nikamwambia umechelewa, nikafunga geti. Hatujaonana tena mpaka leo."

Akainuka, akarudi sebuleni. Kaka mkubwa alikuwa amesimama palepale. Hakuthubutu hata kuegemea kiti.

"Msimamizi wangu ni huyu," bwana harusi akasema, akimwonyesha Spana.

"Sawa," kaka mkubwa akasema. "Nitakaa nyuma."

Spana alijisikia fahari. Kisha akajisikia vibaya kwa kujisikia fahari. Akagusa mfuko wa koti kuhakikisha pete ipo. Ilikuwepo. Ilikuwa mara ya kumi na nne asubuhi hiyo.

Saa tatu na robo shangazi akaingia, na karatasi mkononi.

Shangazi alikuwa mlezi wa bweni la wasichana kwa miaka ishirini na tisa. Hakuna aliyewahi kulala bila ruhusa yake, wala kuamka. Harusi hii aliipanga kama zamu za kufagia. Kila mtu aliandikiwa kazi yake, na chini ya jina la Spana paliandikwa hivi: Pete. Leso mbili. Maji. Kalamu inayoandika. Asimwache bwana harusi peke yake hata dakika moja.

Akamwona kaka mkubwa. Akainama kuitazama karatasi yake, akaipitia kutoka juu hadi chini, akaigeuza na kutazama nyuma.

"Wewe hukuandikwa," akasema.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hukuandikwa. Hakuna kiti chako kwenye gari."

"Nitapanda mbele, kwa dereva."

"Mbele ni pangu."

"Shangazi," Spana akasema, "gari lina viti saba. Tuko wanne."

Shangazi akamtazama Spana kama msichana aliyekamatwa akichemsha maji bwenini saa ya kusoma. Lakini hesabu ni hesabu. Wakapanda wote.

Ndani ya gari kaka mkubwa alikaa kiti cha katikati, bwana harusi nyuma yake. Spana alimwona bwana harusi akikodolea macho kisogo cha kaka yake tangu walipotoka getini mpaka barabara kuu, bila kupepesa. Mara moja alifungua mdomo. Akaufunga. Jasho likamtoka, Spana akampa leso ya kwanza. Likamtoka tena, akampa ya pili. Karatasi ya shangazi haikusema leso ya tatu itoke wapi.

Spana si mtu wa maneno, lakini anajua mashine ikibeba mzigo kupita kiasi inatoa mlio gani. Akamsikiliza bosi wake akipumua. Akajisemea kimoyomoyo: huyu hawezi kuweka sahihi leo. Akiweka, ataiweka akiwa na hasira, na kila akiutazama mkono wake wenye pete ataikumbuka hasira hiyo.

Ofisi ya msajili wa ndoa ilikuwa ghorofa ya nne ya jengo la zamani. Bibi harusi na ndugu zake walishafika na kupanda juu. Lifti ilikuwa moja, ndogo, ya kubeba watu watatu wembamba. Ilikuwa moja ya lifti zinazohudumiwa na kina Spana, na ilipanda polepole mno.

"Safari ya kwanza," shangazi akasoma, "bwana harusi na msimamizi. Safari ya pili, mimi. Wewe," akamwambia kaka mkubwa, "ngazi ziko kulia."

Hapo ndipo Spana, kwa mara ya kwanza, akavunja amri ya karatasi.

"Kaka panda na bwana harusi," akasema. "Mimi natangulia kwa ngazi nikaangalie kama juu wako tayari."

"Msimamizi hamwachi bwana harusi!" shangazi akang'aka.

"Simwachi. Namwacha na msimamizi."

Akamsukuma kaka mkubwa ndani ya lifti kwa adabu, akabonyeza kitufe, akaondoka mbio kabla mtu hajajibu. Alipanda ngazi mbili mbili. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Nyuma ya ukuta aliisikia lifti ikijivuta kwa mlio wake uleule wa siku zote.

Sasa, msomaji, kuna jambo moja la kujua kuhusu lifti. Kila fundi lifti anatembea na ufunguo mdogo wenye pembe tatu. Ukiuchomeka kwenye tundu lililo juu ya mlango wa ghorofa yoyote na kuufungua mlango huo hata upana wa kidole, lifti inasimama papo hapo, popote ilipo. Imetengenezwa hivyo ili mtu asitumbukie shimoni. Ukiufunga mlango, lifti inaendelea na safari.

Spana alifika ghorofa ya tatu akihema. Akatoa ufunguo. Akaufungua mlango upana wa kidole.

Lifti ikasimama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu.

Akasimama pale, bega mlangoni, kama mtu anayengoja rafiki. Kupitia ule mwanya, kila neno lilipanda likiwa wazi.

"Bonyeza kengele," sauti ya bwana harusi ikasema.

"Nimebonyeza."

"Bonyeza tena."

"Imekufa. Lifti hii nani anaihudumia?"

"Sisi."

"Mnaihudumia vibaya."

Spana akaitazama saa yake. Saa nne na dakika arobaini.

Viatu vikasikika kwenye ngazi. Shangazi akatokea, karatasi mkononi, amevimba kwa hasira.

"Imekwama?"

"Imesimama," Spana akasema.

"Tatizo nini?"

"Mlango haujafungwa vizuri." Na huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Tengeneza!"

"Ndiyo natengeneza, mama."

"Itachukua muda gani?"

Spana akaitafakari kazi hiyo ya sekunde moja. "Kama nusu saa," akasema.

Kutoka juu akateremka karani wa ofisi ya msajili, kijana wa tai fupi, na jalada kwapani. "Ndoa ya saa tano ni nyinyi?" akauliza. "Bibi harusi anauliza kama mpo hai. Na msajili anasema mkikosa zamu yenu, nyingine ni Jumatano ya wiki ijayo."

"Fungua mlango huo, fundi!" shangazi akapaza sauti. "Nakwambia fungua sasa hivi!"

Spana alikuwa karibu kumtii. Mwanamke yule alikuwa na sauti ya kutiiwa. Lakini chini ya miguu yao, kwenye lile sanduku la chuma, bwana harusi akawa ameanza kusema.

"Kwa nini umekuja?"

"Nimeitwa."

"Mara ile uliitwa, hukuja."

"Mara ipi?"

"Usinitanie."

"Mdogo wangu, mara ipi?"

"Baba alipokuwa kitandani! Shangazi alikupigia simu. Ukamjibu, 'Nina kazi. Zikeni tu.'"

Kule chini viatu vikageuka sakafuni.

"Rudia," kaka mkubwa akasema.

"Umesikia."

"Rudia, tafadhali."

"'Nina kazi. Zikeni tu.'"

"Sikupigiwa simu na mtu yeyote," kaka mkubwa akasema taratibu. "Unajua nilijuaje kwamba baba amefariki? Mimi natengeneza meno ya bandia. Alikuja mteja wa mtaa wetu kupimwa meno. Akakaa kitini, akasema, 'Pole sana kwa msiba wa mzee,' kisha akafungua mdomo. Mikono yangu ikawahi kuliko masikio. Nilishamjaza mdomo ule udongo wa kupimia ndipo maneno yakaniingia. Nikamuuliza, mzee gani? Hawezi kujibu. Udongo ule ukiutoa kabla haujakauka unaharibika. Nikasimama mbele yake dakika nne, nimemshika kidevu, namwuliza kwa macho. Naye ananijibu kwa macho. Dakika nne. Baba alikuwa na wiki tatu ardhini."

Kikasikika kishindo cha mgongo ukiegemea ukuta wa lifti.

"Usiku uleule nikapanda basi. Nikafika getini. Ukaniambia nimechelewa, ukafunga. Nikajua ni wewe uliyeamua nisiambiwe. Nimekaa nalo miaka kumi na mmoja."

"Si mimi," bwana harusi akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kaka, wallahi si mimi. Shangazi ndiye aliyesema amekupigia. Alisimama sebuleni mbele ya watu wote, akatuambia umejibu hivyo."

Ghorofa ya tatu, Spana akageuza shingo polepole.

Shangazi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Karatasi ya kazi za harusi ilikuwa imekunjamana ndani ya ngumi yake. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye orodha aliyoiogopa siku nyingi.

"Fundi," akasema kwa sauti ndogo, "usifungue kwanza."

"Dakika tatu zilizopita ulisema nifungue."

"Nimebadili. Mwanangu, nakuomba. Tangaza imeharibika kabisa. Waokolewe kesho."

Karani akamtazama shangazi, akamtazama Spana, akaandika kitu kwenye jalada. "Kesho ofisi imefungwa," akasema.

"Mama," Spana akasema, "ni kweli hukumpigia simu?"

Kidevu cha shangazi kilikuwa kinatetemeka, yeye ambaye wasichana mia mbili hawakuwahi kumwona hata akipiga mwayo.

Spana alifikiri haraka kuliko kawaida yake. Akimsikiliza shangazi, harusi inakufa. Akifungua, inakufa kitu kingine, hajui kipi. Karatasi ya kazi zake haikuwa na mstari wa jambo kama hili. Kule chini akasikia mlio mwepesi, wa mtu mzima anayejaribu kulia bila sauti, na hakuweza kutambua ni yupi kati ya wale wawili, kwa sababu hata katika kilio walifanana.

Akauchomoa ufunguo. Mlango ukajifunga. Akabonyeza kitufe cha kuita.

Lifti ikashtuka, ikajikongoja, ikafika. Milango ikafunguka.

Kaka mkubwa alitoka wa kwanza. Tai yake ilikuwa imelowa. Akamwona shangazi, akamwona Spana na ufunguo wake, akaelewa kwa pamoja uongo ulitoka kwa nani na lifti ilisimamishwa na nani. Akasimama wima.

"Shikamoo, shangazi," akasema.

Asubuhi ileile sebuleni shangazi alikuwa ameiitikia salamu hiyo bila hata kuinua macho. Safari hii midomo ilicheza, neno halikutoka.

Bwana harusi akatoka nyuma ya kaka yake, amemshika kiwiko kama mtu anayeogopa kupotezana naye sokoni.

"Samahani," karani akasema, "nahitaji msimamizi wa bwana harusi, mwenye kitambulisho. Mmoja tu. Naona wenye suti ileile ni wawili."

Spana akaingiza mkono mfukoni, akatoa pete, akaiweka kiganjani mwa kaka mkubwa.

"Mfuko wa kulia, si wa kushoto," akamwelekeza. "Wa kushoto una tundu, fundi wa suti hizi zote ni mmoja. Usiitoe mpaka uambiwe. Usiiguse-guse. Mimi nimeigusa mara kumi na saba."

"Fundi wangu ni mwingine," kaka mkubwa akasema.

"Hakikisha hata hivyo."

Kaka mkubwa akaingiza kidole mfukoni. Hakukuwa na tundu. Akaitia pete.

"Spana," bwana harusi akaanza.

"Bosi, panda juu uoe. Tutaongea Jumatatu."

Lakini bwana harusi hakupanda. Alikuwa amemgeukia shangazi. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ulimpigia simu kaka?"

"Sikumpigia."

"Na yale maneno? Miaka kumi na mmoja nimelala nayo na kuamka nayo. Uliyatunga mwenyewe?"

Shangazi akakaa kwenye ngazi, na gauni lake la harusi, juu ya vumbi. Hakuna aliyewahi kumwona amekaa mahali pasipo kiti.

"Sikuyatunga mimi," akasema. "Ni baba yenu. Alinishika mkono huu, akanisomesha neno baada ya neno mpaka nikayaweza. Akaniapisha niyaseme mbele ya watu wote, na nisimwite mwanawe mkubwa hata iweje."

"Kwa nini?" wakauliza wote wawili, kwa sauti moja.

Shangazi akainua macho, akatazama ngazi zinazopanda ghorofa ya nne, ambako mlango ulikuwa wazi na mzee mmoja wa miwani alikuwa akikohoa, akingoja kufungisha ndoa ya saa tano.

"Kamuulizeni msajili," akasema. "Alikuwemo chumbani siku ile baba yenu aliponiapisha."